Kulala Mji Mkongwe mkiwa na mama mzee: tazama ngazi kabla ya kutazama bahari

Swali limetoka kwa mwalimu wa Dodoma: "Shikamoo. Mwezi wa pili tunakuja Unguja kwa usiku 4: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 7, na mama yangu wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Tunataka kusikiliza muziki wa tamasha la Sauti za Busara na kuujua Mji Mkongwe. Wapo wanaotushauri tulale ufukweni Nungwi tuwe tunakuja mjini na kurudi. Picha za vyumba mtandaoni zote zinapendeza, na bei zinapishana mno. Tulale wapi, mtaa gani, na nimuulize nini mwenye nyumba kabla sijatuma pesa?"

Marahaba, mwalimu. Laleni mjini. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya kisiwa, mwendo wa saa nzima au zaidi kwa gari, na muziki wa tamasha hupita usiku wa manane. Mkilala huko mtakuwa mnakatiza onyesho kuwahi gari, mama atachoka njiani kila siku, na mtaukosa mji wenyewe katika saa zake mbili nzuri kuliko zote: asubuhi watu wanapofagia vizingiti na kuuza mandazi, na baada ya sala ya Alasiri watu wanapotoka kukaa barazani. Mji Mkongwe ni mtaa wa watu wanaoishi, wanaozaa na kuzika humo. Mgeni anayelala ndani yake huuona kwa namna ambayo wa kushinda na kurudi haipati.

Ila kabla ya kulipa chochote, tazama kalenda. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imekuwa ikiangukia Februari na Machi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo. Ndani ya mwezi huo migahawa mingi hufungwa mchana, na kula au kunywa hadharani hakuvumiliwi. Mtoto wa miaka 7 na mama mwenye dawa za kumeza wanaweza kula chumbani bila shida, lakini lazima ujue mapema ili uchague nyumba yenye jiko au inayopika chakula cha mchana. Kwa hiyo anza na tarehe za tamasha zilizotangazwa kwa mwaka unaokuja, kisha zilinganishe na mwezi, ndipo ukate tiketi.

Sasa mtaa. Eneo lote la hifadhi, lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni hekta 96 tu. Mtu mzima anakatiza toka bandarini Malindi hadi Shangani kwa dakika 15 au 20 za mguu. Kwa hiyo umbali hautawasumbua. Kitakachowasumbua ni mahali gari linapoishia. Ndani ya mji ni vichochoro, vingine havipishani watu wawili wenye mizigo, na teksi haiingii. Nyumba ikiwa katikati ya Kiponda au Hurumzi, mama atatembea dakika 5 hadi 8 juu ya mawe yaliyokaa vibaya, yenye mifereji na vizingiti, kila anapotoka na kila anaporudi. Huko ndiko kwenye milango mizuri zaidi na utulivu zaidi, na mngekuwa wawili vijana ningewapeleka huko bila kusita.

Kwa familia yenu ninachagua ukanda wa Vuga na Baghani. Barabara ya Kenyatta iko hatua chache, teksi inasimama karibu na mlango, hospitali ya Mnazi Mmoja iko jirani, na Ngome Kongwe, panapokuwa na tamasha, mnafika kwa dakika 10 za mwendo wa taratibu kwenye njia pana yenye taa. Shangani nayo inafikika kwa gari na ina bahari, lakini bei yake ni ya juu na usiku ina kelele za mabaa na hoteli kubwa. Malindi ni nafuu, ila karibu na bandari na soko la samaki mji huamka kabla ya alfajiri, magari ya mizigo yakianza kunguruma. Mkunazini, upande wa Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ni mahali pazuri kwa chakula na pako karibu na Darajani. Nyumba iliyo ukingoni mwa mtaa huo inaweza kuwafaa mkikosa Vuga.

Nyumba yenyewe ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu picha huonyesha kitanda, neti yenye maua na dirisha la kuonea bahari. Picha haionyeshi ngazi.

Nyumba za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita na zaidi. Sakafu na dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na boriti njema haivuki mita 3. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba: upana wake umeamuliwa na mti. Ngazi nazo zilibanwa kwenye kona, vidato vyake virefu, mahali pa kukanyaga padogo, na mara nyingi hakuna pa kushika ila kamba iliyofungwa ukutani. Kidato cha ngazi ya kisasa ni sentimita 17 au 18. Humu utakutana na cha 22 au 25, na havilingani: cha tatu kifupi, cha nne kirefu. Goti bovu linaumia zaidi kwa kushuka kuliko kupanda, na kidato kisicholingana ndicho kinachoangusha watu gizani.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hili: toka mlango wa nje hadi kitanda cha mama kuna vidato vingapi? Usiulize "ghorofa ya ngapi", maana wengi huhesabu kwa namna zao, na ghorofa ya kwanza ya nyumba ya zamani inaweza kuwa juu kama ya pili ya nyumba mpya kwa jinsi dari zilivyo ndefu. Omba idadi ya vidato, na omba picha ya ngazi iliyopigwa kutoka chini. Mwenyeji mwema atakutumia ndani ya saa moja. Anayekujibu "usijali, ngazi ni za kawaida" bila picha, mwache. Kwa mama yako nisingevuka vidato 15, tena viwe na mkono wa kushika.

Swali la pili ni kitanda. Nyumba nyingi za wageni zimeweka samadari, kile kitanda cha kizamani chenye nguzo nne na nakshi. Ni kizuri na ni kirefu: godoro laweza kuwa usawa wa kiuno. Mtoto atafurahia kukipanda, mama ataning'inia. Uliza urefu kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Kitanda kinachofaa ni kile ambacho akikaa, nyayo zake zinakanyaga chini, yaani sentimita 45 hadi 55. Na kwa kuwa vyumba ni vyembamba, uliza pia upana wa chumba. Kitanda cha futi 6 ndani ya chumba cha mita 2 na nusu kinabakiza kijinjia cha sentimita 33 hivi kila upande. Wewe utapita kiubavu usiku, yeye hapiti.

Swali la tatu ni chumba cha chini na unyevu. Ghorofa ya chini inawapa nafuu ya ngazi, lakini ndiyo inayopata unyevu kuliko zote, na hapa inafaa uelewe sababu ili usidanganyike kwa rangi mpya. Matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na chumvi yake pamoja. Chokaa huyaruhusu maji yapumue na kukauka, ndiyo maana mafundi wa zamani walipiga lipu ya chokaa na kuirudia kupaka kila baada ya misimu. Nyumba ikipigwa lipu ya saruji na rangi ya plastiki, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Utaona rangi imevimba kama malengelenge, au unga mweupe unadondoka, toka magotini hadi kiunoni. Chumba cha hivyo kinanuka ukungu hata kikiwa na kiyoyozi, na mwenye pumu hatalala. Omba picha ya kona ya chini ya ukuta, nyuma ya kitanda, siyo picha ya chumba kizima. Ukuta uliopigwa chokaa hauwi laini kama kioo. Una mawimbi mawimbi, na ukiuegemea unaacha weupe kwenye nguo. Hiyo siyo kasoro, ni dalili kwamba fundi alijua kazi.

Juu nako tazama. Madoa meusi au ya kahawia kwenye boriti yana maana paa linavuja, na boriti iliyoloa kwa muda huoza palepale inapoingia ukutani, mahali jicho halifiki. Jambo hili si la kupuuza: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ikikarabatiwa na watu wakapoteza maisha. Kwenye nyumba ya wageni, roshani ya mbao iliyokaa upande, au inayotikisika ukiishika, isisimamiwe na watu wanne kwa pamoja kwa ajili ya picha. Kama chumba mlichopewa kina ufa unaoweza kuingiza sarafu, ombeni kingine.

Maji na umeme. Maji ya bomba mjini huja kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba ina tangi, mara nyingi juu ya paa, na pampu ya kuyapandisha. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Ulipokatika mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 kikakaa miezi mitatu. Tangu hapo waya wa pili umewekwa, mwaka 2013, na hali ni afadhali mno, lakini kukatika kwa saa kadhaa kupo. Kumbuka mnyororo wake: umeme ukikatika pampu inasimama, na tangi likiwa dogo, nyumba ikijaa wageni wa tamasha, maji yanaisha kabla ya Magharibi. Uliza tangi lina lita ngapi na nyumba ina vyumba vingapi. Kwa vyumba 5, tangi la lita 1,000 ni dogo, na lita 3,000 ni raha. Uliza kama jenereta au betri inaendesha pampu na feni, au taa tu. Kuna nyumba nyingi ambazo jenereta yake ni ya taa za ukumbini, na wageni hugundua saa 8 usiku.

Februari ni ukali wa joto. Upepo ni kaskazi, unavuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo dirisha linalotazama upande huo linafaa kuliko linalotazama bahari ya magharibi, ambalo huchomwa na jua la jioni na kuwafanya mlale ndani ya tanuri. Ukuta mnene ukipata joto hulishikilia hadi usiku wa manane. Fungeni madirisha na vibao vyake kuanzia saa 4 asubuhi, fungueni jua likizama, na feni iwe inavuta hewa. Ukuta huohuo unazuia simu na intaneti. Kama unahitaji mtandao kwa kazi, uliza kama kifaa cha mtandao kiko ghorofa moja na chumba chenu. Kikiwa mapokezi na ninyi mko ndani ya kuta mbili za mawe, mtakuwa mnakwenda barazani kutuma ujumbe.

Kelele si jambo la kuogopa, ni la kupanga. Misikiti iko kila baada ya hatua chache, na adhana ya Alfajiri mwezi huo hutoka saa 11 na dakika chache, kwa vipaza sauti kadhaa vinavyopishana. Kwa wengi wa wenyeji huo ndio uhai wa mji. Asiyezoea apewe chumba cha ndani kinachotazama ua wa kati badala ya kichochoro. Chumba cha uani pia kinaepusha mazungumzo ya barazani chini ya dirisha, ambayo kwa watu wa Unguja hayaishi mapema.

Kuhusu bei, piga simu moja kwa moja, hata kama umeiona nyumba kwenye tovuti. Bei za tovuti huandikwa kwa dola na zimewekewa mgeni wa ng'ambo. Nyumba nyingi zina bei ya Mtanzania kwa mwenye kitambulisho cha NIDA, lakini hazikwambii usipouliza. Uliza vilevile kama kodi na tozo ya kila mtu kwa kila usiku zimo ndani ya bei, kama mtoto wa miaka 7 analipiwa, na kama chai ya asubuhi imo. Wakati wa tamasha vyumba vya bei ya kati huisha kwanza, kwa hiyo miezi mitatu kabla si mapema. Lipa sehemu tu, upate jibu la maandishi lenye tarehe, aina ya chumba na idadi ya vidato uliyoambiwa. Baadhi ya nyumba ndogo huuliza cheti cha ndoa kwa mume na mke. Kuwa na picha yake kwenye simu kunamaliza maneno. Na kama kuna ndugu asiye Mtanzania atakayeungana nanyi, ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipia bima ya safari ya dola 44, mbali na ile aliyokwisha kukata kwao.

Siku ya kuja, chukueni boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam. Ni kama saa 2 baharini. Kaskazi huichafua bahari, na mchafuko huzidi kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo kaeni sehemu ya chini, katikati kuelekea nyuma, na mama ale kitu chepesi saa moja kabla. Fikeni bandarini saa moja kabla ya kuondoka, vitambulisho vyote mkononi na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Mkishuka Malindi mtazungukwa. Wachukuzi wa bandarini wana kazi yao halali, lakini taja bei kabla mzigo haujaguswa. Mapapasi, vijana wa kudaka wageni, ni wengine: hao watakwambia nyumba yenu imejaa, au imefungwa, au wao wametumwa na mwenyeji. Mpigie mwenyeji simu palepale mbele yao, basi. Mwambie akutumie mtu kwa jina na akusubirie mahali panapojulikana. Kwa Vuga mwambie dereva akushushe karibu na jengo la zamani la Mahakama Kuu, kwa Baghani kwenye Barabara ya Kenyatta. Masanduku ya magurudumu madogo hayafai hapa. Gurudumu linaingia kwenye mfereji na kukatika shingo. Bebeni mabegi ya mgongoni, au mwenyeji alete rikwama. Na msije na mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku.

Kupotea mtapotea, na ramani ya simu haitawasaidia sana kwenye vichochoro, maana kuta ndefu huiyumbisha ikawaonyesha mko mtaa wa pili. Njia ya wenyeji ni rahisi zaidi. Mji ni rasi: pande nyingine zote ni bahari, na upande wa mashariki ni barabara kubwa ya Darajani, inayopita lilipokuwa hori la maji kabla halijafukiwa. Kuwa ng'ambo ya hori hilo ndiko kulikoipa mitaa ya Ng'ambo jina lake. Ukishika uelekeo mmoja bila kukunjakunja, ndani ya dakika 10 utatokea ama baharini ama barabarani. Na kuuliza si aibu, ila anza na salamu. Mtu wa Unguja akiulizwa njia bila kuamkiwa atajibu, lakini atajibu kwa ufupi. Mwenye "Assalaam alaykum" au "Shikamoo bibi" husindikizwa hadi mlangoni. Mabega na magoti yafunikwe mkitembea mitaani, wanaume pia, na mtu asipigwe picha, hasa wanawake na watoto, bila idhini.

Sasa sanaa, maana ndiyo iliyowaleta. Tiketi za Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, huwa na bei ya Mtanzania iliyo chini ya ile ya wageni. Nunueni mapema, kitambulisho mkononi. Muziki wa Ngome Kongwe huanza alasiri na hupamba moto usiku. Mpelekeni mama mapema, kabla ya umati, akae pembeni juu ya ngazi za mawe za ukumbi wa wazi akiwa na mto mdogo wa kukalia, kisha mmoja wenu amrudishe saa 3 au 4. Msizamie tamasha peke yake. Taarabu ndiyo sauti ya mji huu, na vikundi vyake viwili vikongwe bado vipo: Ikhwani Safaa, kilichoanza mwaka 1905, chenye makao Malindi, na Culture Musical Club cha mwaka 1958, chenye makao Vuga, jirani kabisa na mtakapolala. Jioni za mazoezi unaweza kupita, ukabisha hodi, ukamuomba kiongozi ruhusa ya kukaa kimya na kusikiliza ganuni, udi na fidla vikitafutana. Muulize mwenyeji siku zao. Kwenye onyesho, ukiguswa na beti, unainuka taratibu ukamtunza mwimbaji noti mkononi, kisha unarudi kukaa. Mama atajua la kufanya kabla yenu.

Mkinunua vitu, tofautisheni vya hapa na vya kuletwa. Michoro ya Tingatinga inayojaa Ngome Kongwe na mtaa wa Gizenga ilianzia Dar es Salaam, kwa Edward Saidi Tingatinga, miaka ya mwisho ya 1960. Ni sanaa ya heshima, ila si ya Unguja. Rangi yake ni ya mafuta inayokauka taratibu. Gusa kwa ncha ya kidole pembeni: ikinata, au ikinuka kali, ilichorwa juzi, na ukiikunja itagandamana. Iliyokauka kunja rangi ikitazama nje, juu ya bomba nene la karatasi ngumu, maana ukikunja ndani rangi inajibana na kupasuka. Vya Unguja hasa ni mikeka na vikapu vya ukili, kofia za viua zinazoshonwa kwa mkono kwa wiki nyingi, na useremala wa milango na makasha. Kofia ya mkono ijue kwa kuigeuza ndani: matundu yake madogo yamezungushiwa uzi mmoja mmoja na hayalingani kabisa. Ya mashine iko sawasawa mno. Kanga nendeni mtaa wa Mchangani, bei yake ni ya watu wa mji. Itandazeni yote na someni jina lake kabla ya kumpelekea mtu, isije ikawa mafumbo ya ugomvi.

Chakula hakitawapa tabu. Asubuhi chapati, maharage na mkate wa ufuta, mchana urojo au pilau, jioni Forodhani. Bustani hiyo ilikarabatiwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, na baada ya Magharibi hujaa majiko. Ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa jikoni, maana sahani inayojazwa bila bei huja na hesabu ya ajabu. Chagueni kinachochomwa mbele yenu. Pweza na kamba waliokwisha kuiva wakapangwa mezani wametoka jikoni saa nyingi, na kupashwa moto kidogo hakuondoi kilichoingia. Juisi ya miwa, angalieni barafu yake inatoka wapi, na mtoto anywe maji ya chupa. Binti yenu atapenda makachu, vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani hapo Forodhani. Hufanyika maji yakiwa yamejaa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, nao ndio wakati wake. Siku za maji mafu mambo huwa baridi. Mshikeni mkono, ukuta huo hauna kizuizi.

Mkitaka kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa, ni kama nusu saa kwa mashua. Lakini kupanda mashua ni kuingia majini hadi magotini kisha kujivuta, na maji yakiwa yametoka ni mbali zaidi. Mwambieni nahodha kuna mama mzee, achague saa ya maji kujaa na alete ngazi. Akikataa, mama abaki, akanywe kahawa na kashata barazani na mabibi wenzake. Beit al-Ajaib msiiweke kwenye ratiba mpaka muulize kama imefunguliwa.

Siku ya kuondoka, mwambie mwenyeji usiku uliotangulia alete rikwama saa moja na nusu kabla ya boti, na teksi iwasubiri barabarani. Mteremsheni mama kwanza, mizigo baadaye, wewe ukiwa mbele yake vidato viwili chini, uso ukimtazama.